Tangi la mafuta lenye kutu kwenye gari la kizamani: kulifufua au kuweka jingine?

Ukimpelekea fundi gari la zamani ambalo filta yake inajaa vumbi la kahawia kila baada ya wiki, atakujibu moja kati ya mawili: "tulioshe" au "tafuta jingine". Yote mawili yanaweza kuwa sahihi, na yote mawili yanaweza kukumalizia hela bure. Wingi wa kutu unaoonekana ukichungulia kwenye mdomo wa tangi hauamui kitu. Kinachoamua ni unene wa bati lililobaki, na baada ya hapo, kama tangi jipya la gari lako bado linatengenezwa. Volkswagen Beetle, Land Rover Series na Peugeot 504 zinaweza kuwa na kutu ile ile kabisa, na kila moja ikastahili jibu lake.

Kutu imekaa wapi?

Matangi ya enzi zile yalikandamizwa kutoka kwenye bati la chuma lenye unene wa karibu milimita moja, likapakwa koti jembamba la mchanganyiko wa risasi na stani. Koti hilo ndilo lililokuwa likikinga chuma. Vipande viwili, cha juu na cha chini, viliunganishwa kwa mshono unaozunguka tangi zima. Maji huingia kwa njia ya kawaida tu: tangi likikaa nusu tupu, hewa ya ndani hupata baridi usiku na kuacha matone kwenye kuta. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanateremka na kutulia sakafuni, pale pale ambapo bomba la kunyonya linaanzia. Ndiyo maana gari lililoegeshwa miaka mitatu likiwa na robo tangi huwa na hali mbaya kuliko linalotembea kila siku na limezeeka zaidi.

Kuna kutu ya ndani na kutu ya nje, na watu wengi huogopa ile isiyofaa kuogopwa. Ya ndani inaonekana mbaya: magamba, tope la rangi ya chungwa, kabureta inayoziba kila mara. Lakini mara nyingi imekula juu juu tu. Ya nje ndiyo inayotoboa. Hukaa chini ya mikanda inayoshikilia tangi, kwenye kipande cha mpira au kitambaa kilichowekwa kati ya tangi na chasisi kikawa kinafyonza maji, na juu ya mshono ambako tope hujikusanya. Magari ya Tanga, Mombasa au Unguja yana chumvi ya bahari juu ya hayo yote. Huwezi kuiona kutu hii bila kushusha tangi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua asidi au kuagiza chochote, shusha tangi, limwage mafuta, lisugue nje kwa brashi ya waya hadi uone chuma, kisha libonyeze kwa kidole gumba kila mahali, hasa kwenye mshono na penye alama za mikanda. Bati zima halikubali. Bati lililoliwa linaitika kama kopo la maziwa. Chukua bisibisi butu uguse kila doa jeusi: ikizama, au ukiona unga mwekundu unadondoka, umeshapata jibu. Baada ya kuliosha na kulikausha, ingiza ndani taa ndogo ya betri ukiwa chumba cha giza uangalie nje kama kuna nukta za mwanga. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inasaidia kuona sakafu na nyuma ya vizuizi vya ndani (bati zinazozuia mafuta yasiyumbe), ambako macho hayafiki.

Ukipata tundu moja au mawili mahali pamoja, na kwingine bati ni gumu, tangi linafufulika. Ukipata matundu yametawanyika, usiendelee na mjadala. Lile unaloliona leo ni la kwanza tu.

Kulifufua

Kazi hii ina hatua nyingi kuliko watu wanavyodhani, na hatua inayorukwa kila siku ni ya kuondoa utomvu. Petroli iliyozeeka hugeuka kuwa gundi ya kahawia yenye harufu ya rangi iliyochacha, nayo hufunika kutu. Asidi haipenyi gundi hiyo. Lazima kwanza uiyeyushe kwa thina au asetoni, kisha uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya maji mara kadhaa. Kisha unatia kokoto kali, au cheni fupi, na kulitikisa tangi huku na huku ili magamba yabanduke. Cheni ni bora kuliko nati, kwa sababu unaivuta ikatoka yote. Nati moja ikibaki nyuma ya kizuizi utaisikia kila ukikata kona.

Baada ya hapo ndipo unachagua cha kuondolea kutu, na hapa tofauti ni kubwa.

Siki ya dukani ina asidi asetiki karibu asilimia 5. Inafanya kazi, polepole, na utahitaji nyingi. Ni chaguo la kutu nyepesi tu.

Asidi ya sitriki, ule unga wa ndimu wanaotia watengeneza ubuyu, ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayefanya nyumbani. Kilo moja kwa lita 10 za maji ya moto inatosha, ambayo kwa tangi la lita 45 ni kama kilo nne na nusu. Inaikamata kutu na kuiyeyusha bila kukishambulia chuma kwa kasi, ili mradi usiiache siku nyingi. Chungulia kila baada ya saa chache.

Asidi ya fosforiki, iliyomo kwenye dawa nyingi za kutu zinazouzwa maduka ya rangi, ina faida ya ziada: inaacha utando wa kijivu wa fosfeti ambao huchelewesha kutu kurudi. Kama unaipata kwa bei nzuri, ichukue.

Asidi ya chumvi inayouzwa kwa kusafishia vigae na vyoo, pamoja na asidi ya betri, ziache. Ni za haraka kweli, na haraka hiyo ndiyo shida yake: zinakula chuma kizima pamoja na kutu, na tangi lililosafishwa kwa asidi ya chumvi linaweza kuwa jekundu tena kabla hujamaliza kulikausha.

Halafu kuna njia ya umeme, ambayo mafundi wa hapa wanaitumia kwa nadra ingawa vifaa vyote vinapatikana. Tangi linajazwa maji yenye magadi yaliyosafishwa, fimbo ya chuma cha kawaida inaning'inizwa ndani bila kugusa ukuta, kisha chaja ya betri ya volti 12 inaunganishwa: chanya kwenye fimbo, hasi kwenye tangi. Ukikosea ukageuza, unalila tangi lako mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba chuma kizima hakiguswi. Udhaifu wake ni kwamba umeme unafanya kazi kwa kuelekeana. Nyuma ya kizuizi kutu inabaki. Usitumie fimbo ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu maji hayo yatapata kromiamu yenye sumu. Wala usitumie magadi ghafi yale ya kuchemshia maharage: yanatoka maziwa yale yale, Magadi na Natron, lakini huja na chumvi ya kawaida ndani, na chumvi ndicho kitu usichokitaka kwenye kazi hii. Fanya nje, penye hewa, mbali na moto, maana mapovu yanayotoka ni haidrojeni.

Njia yoyote utakayotumia, maji machafu ya mwisho usiyamwage shambani wala kwenye mtaro. Asidi inayeyusha pia lile koti la kiwandani, kwa hiyo maji hayo yana risasi. Tangi lililokuwa likinywa petroli ya zamani linaweza kuwa na mabaki mengine ya risasi pia, kwani nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Vaa glavu, na usikwangue tangi kavu bila kuziba pua na mdomo.

Hilo la koti ndilo linalobadilisha hesabu. Tangi lililofufuliwa ni chuma kitupu ndani. Liko safi, lakini halina kinga liliyozaliwa nayo. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, kausha mara moja kwa hewa ya moto, kisha zungusha ndani petroli iliyochanganywa na oili kidogo. Kama gari linatembea na tangi linajazwa, inatosha. Kama ni gari la kutoka Jumapili moja kwa mwezi, kutu itarudi.

Koti la ndani: si kila wakati

Hapo ndipo muuzaji atakuletea kopo la koti la ndani. Ni aina ya rangi ngumu, nyingi za epoksi, unayomimina, ukazungusha tangi likapaka kila upande, ukamwaga iliyobaki. Sina shida na dawa yenyewe. Shida yangu ni mazingira inayowekwa. Inataka chuma safi, chenye ukwaru, kikavu kabisa. Kukausha ndani ya tangi lenye mikunjo na vizuizi, ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Aprili, si kazi ya mchana mmoja. Pakibaki unyevu au mafuta kidogo, koti halishiki. Linatulia mwaka, kisha linaanza kubanduka vipande vipande kama ngozi na kwenda kuziba bomba la kunyonya. Kulitoa ni kazi kubwa kuliko kutoa kutu. Na baadhi ya makoti ya zamani hulainika yakikutana na petroli yenye ethanoli; kwa msomaji aliye Uingereza, ambako petroli ya kawaida imekuwa E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, tangu Septemba 2021, hilo si jambo la kudharau. Soma kopo lake kama linastahimili ethanoli.

Mimi ningelitumia katika hali moja tu: tangi halipatikani jipya, bati ni zima, lakini lina vishimo vidogo visivyofikia kutoboa. Hapo koti linaongeza miaka. Kwa tangi lililooza, koti linakuwa ndilo tangi, na bati linabaki pambo. Ukiamua, ziba kwanza bomba la kunyonya, bomba la hewa na tundu la geji (kipimo cha kiasi cha mafuta), usije ukavipaka vikafunga.

Kuziba matundu

Barabarani kila mtu anajua mche wa sabuni: unasugua kwenye tundu, petroli haiyeyushi sabuni, unafika nyumbani. Ni msaada wa safari, uishie hapo.

Tundu dogo kwenye bati zima linazibwa vizuri kwa lehemu na kipande cha bati, kwa chuma cha kulehemu kilichopashwa moto mbali na tangi, pasipo ndimi za moto karibu. Kuchomelea ni jambo jingine. Naona watu wakisema "liko tupu, halina neno". Tupu ndilo la hatari. Mvuke wa petroli unalipuka ukiwa kwenye hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi, na tangi lililomwagwa jana linaingia humo kwa raha. Mvuke unajificha kwenye mshono na chini ya magamba, ukipata joto unatoka. Fundi anayejua kazi ataliosha kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, kisha atalijaza maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea, au atatumia gesi isiyowaka kama argoni. Mtindo wa kupuliza moshi wa ekzosi ndani siuamini. Fundi akikwambia hatua hizo zinapoteza muda, chukua tangi lako uondoke.

Kupima kama limeziba, paka povu la sabuni nje na upulize hewa kidogo sana. Usitumie kompresa ya kujazia matairi moja kwa moja. Sakafu ya tangi yenye sentimita 60 kwa 40, ikipata shinikizo la bar 1 tu, inasukumwa kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu.

Kubadilisha

Tangi jipya lililotengenezwa kwa kuiga la asili ndilo jibu rahisi pale linapokuwepo. Gharama yake kubwa mara nyingi si tangi: ni kusafirisha kitu chepesi lakini kikubwa, kinachotozwa kwa ukubwa wa boksi, kisha ushuru. Ukiagiza, hakikisha mambo matatu: mdomo wa kujazia uko upande na pembe ya gari lako, tundu la geji linalingana na geji yako, na mabomba yote yapo, pamoja na la kurudishia mafuta kama injini inalihitaji. Geji ngeni inaweza kukaa vizuri na bado ikadanganya kwenye dashibodi. Na kabla ya kufunga, suuza ndani: matangi mapya huja na mafuta ya kuhifadhia na chembe za chuma za kiwandani.

Mtumba, pale Ilala au Grogan Nairobi, ni wa bei nafuu na unaweza kuwa tangi asilia. Lakini kumbuka limetoka kwenye gari la umri ule ule na pengine liliegeshwa nje bila mfuniko. Lipime kama ulivyopima lako. Kama muuzaji kalipaka rangi nyeusi inayong'aa ikafunika mshono, mwambie unataka kulikwangua pembeni kabla ya kulipa. Akikataa, ameshakujibu.

La kuchongesha ni chaguo ambalo watu huko Ulaya hulifikiria mwisho, na sisi tunaweza kulifikiria mapema, kwa kuwa mafundi wa bati wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, wanaweza kulifanya kwa viwango vizuri wakipewa maelekezo kamili. Wape tangi la zamani kama sampuli, zima, hata likiwa limetoboka. Taka bati la chuma la geji 18, yaani kama milimita 1.2. Kataa mabati yenye zinki: moshi wake wakati wa kuchomelea unamletea fundi homa, na zinki haielewani na mafuta. Sisitiza vizuizi vya ndani vyenye pembe zilizokatwa ili mafuta yapite taratibu. Bila hivyo, ukikata kona kali na robo tangi, pampu inavuta hewa. Bomba la kunyonya liishie sentimita moja au mbili juu ya sakafu. Kata shingo na duara la geji kutoka tangi la zamani uyahamishie, kama ni mazima. Na weka nati ya kumwagia chini, hata kama la kiwandani halikuwa nayo.

Aluminiamu inavutia kwa wepesi, lakini isiguse chasisi ya chuma bila mpira katikati, la sivyo vitalana. Wenye Land Rover wanalijua hilo kutoka kwenye bodi zao za aluminiamu.

Dumu la plastiki ndani ya boneti lenye mpira wa kwenda kabureta si chaguo. Sitaliweka kwenye ulinganisho.

Kwa magari yenyewe

Beetle: nunua jipya. Gari liliendelea kutengenezwa Mexico hadi Julai 2003, spea zake ni nyingi, na tangi lake la lita 40 limeshikwa na vishikizo vinne tu chini ya boneti. Ila angalia mwaka, na kama ni modeli ya 1302 au 1303 tangi lake ni la umbo tofauti kabisa. Sababu ya kukataa viraka hapa ni mahali lilipo: mbele ya miguu yako.

Land Rover Series: matangi mapya yapo, kwa hiyo hesabu ni ya nauli tu. Kwenye 88 (namba hizi ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) liko chini ya kiti cha kulia, kwenye 109 station wagon liko nyuma, hayabadilishani. La dizeli lina bomba la kurudishia. Kama uko mbali na bandari na bati ni gumu, lioshe kwa unga wa ndimu uendelee na safari.

Peugeot 504, lililoshinda Safari Rally 1975 na 1978 na ambalo bado lina wapenzi Kenya nzima: fufua. Matangi mapya ni ya shida, na ya mtumba mara nyingi yana hali kama lako. Usikubali tangi la pikapu kwa gari la saluni (sedan). Kwa wanaopeleka magari Africa Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, Nairobi, tangi asilia lililosafishwa ni hoja ya ziada.

Mercedes W123 yenye sindano za kupuliza mafuta badala ya kabureta, yaani 230E na 280E, nalitenga. Kigawa mafuta cha mfumo wake wa sindano, K-Jetronic, kina njia nyembamba mno, na chembe ndogo ya kutu inakigharimu kuliko tangi zima. Hapa sitaki koti la ndani wala tangi "safi kiasi". Ama liwe safi kweli, na chujio lake la chini libadilishwe, ama jipya.

Ukishafunga lolote kati ya hayo, weka filta ya kioo cha plastiki inayoonyesha ndani, jaza tangi lote, na badilisha filta hiyo baada ya tangi la kwanza hata kama inaonekana safi. Mipira ya mafuta ya zamani itupe. Haitakubali kufungwa tena bila kuvuja.